Mabango Chini ya Godoro

Simu ililia Hamasaki akiwa barazani, anakula tikiti maji na mkewe. Ilikuwa siku ya pili ya sikukuu ya Bon, katikati ya Agosti, na mji mzima wa Tagawa ulikuwa umewasha taa za kuwakaribisha marehemu nyumbani. Aliyepiga alikuwa rafiki yake Ogata.

"Mzee Minematsu kafa," Ogata alisema bila salamu. "Wamemkuta juzi. Alikuwa palepale godoroni kwake, wiki mbili na ushee. Na joto hili, bwana wee, fikiria mwenyewe."

Na Hamasaki, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, karani mstaafu wa posta, babu wa wajukuu wawili, neno la kwanza lililomtoka kinywani lilikuwa hili:

"Na mabango je?"

Mkewe, Mama Mayumi, alikuwa akitema mbegu za tikiti kwenye kisahani. Aliacha. Alimtazama mumewe kama mtu aliyefungua kopo la samaki akakuta wameoza, kisha akabeba kisahani chake akaingia ndani.

"Haya, sasa umeongea!" Ogata alicheka kwenye simu. "Hilo ndilo la kuulizana. Tuombe ya chini yawe yamepona. Wasafishaji wanaanza kazi Jumamosi, na mimi nina karatasi ya ruhusa mkononi. Saa mbili asubuhi nakupitia. Vaa nguo za kwenda kutupa."

Asiyekusanya vitu hawezi kuyaelewa haya kwa urahisi. Hamasaki alikuwa na mabango mia mbili na kumi na saba ya sinema za mazimwi, yale madude yanayotoka baharini au ardhini na kukanyaga miji kama mtu anayekanyaga makopo. Yote yalikuwa ya zamani, ya karatasi halisi, ya wakati ambapo kila mji wa migodi ulikuwa na sinema zake tatu au nne. Aliyapata kwa kuvizia: kwenye maduka ya mitumba, kwenye maghala yanayobomolewa, kwa wajane. Moja tu ndilo lililomshinda. Lilikuwa bango la Dorogama, zimwi lenye umbo la chura, lililoumbika kwa tope la mgodini na kuibuka kutoka kwenye kilima cha mabaki ya makaa. Kampuni iliyotengeneza sinema hiyo ilikuwa ndogo na ilikufa mwaka uleule, na mabango yake yakaoza kwenye kuta yalikobandikwa. Hamasaki aliliona akiwa na miaka tisa, kwenye ukuta wa bafu la umma. Mdomo wa yule chura ulikuwa mwekundu kama tanuri, na ndani ya mdomo mlikuwa na treni. Alisimama pale mpaka mama yake akaja kumvuta sikio. Usiku ule alijikojolea, na asubuhi akaenda tena kulitazama.

Aliyelibandika pale ukutani alikuwa Minematsu. Kwa miaka thelathini alizunguka Tagawa kwa baiskeli, ndoo ya gundi ya unga mbele, mabango mgongoni, akiifanyia kazi nyumba ya sinema ya Kiraku. Migodi ilipofungwa, Kiraku nayo ikafungwa. Minematsu akabaki na bango moja la kila sinema ya mazimwi iliyowahi kuonyeshwa pale. Aliyapanga yote chini ya godoro lake, juu ya mkeka, na juu yake akalala kwa miaka arobaini.

"Bango ukilikunja umelivunja mgongo," aliwaambia Hamasaki na Ogata siku ya kwanza walipomwendea. "Likilaliwa na mtu, linanyooka."

"Tuuzie basi, baba," Ogata alisema. Yeye alimwita baba tangu siku hiyo ya kwanza.

"Si yangu. Ni ya sinema. Sinema imefungwa, sasa nani ataniruhusu niyauze?"

Walimwendea kwa miaka sita. Ogata, ambaye maisha yake yote aliuza magari ya mitumba, alijua kusubiri. Kila mara walipeleka sanduku la maandazi ya maharage matamu, wakanywa chai ya mzee, wakamwuliza habari za miguu yake, na kila mara macho yao yalikuwa yakishuka kwenye godoro. Wakiwa njiani kurudi, Ogata alikuwa akisema, "Umeona macho yalivyo manjano? Ini lile halimalizi mwaka." Na Hamasaki alikuwa akicheka. Kufa kufaana, lakini wenye aibu husubiri mtu afe kwanza ndipo wafaane.

Jumamosi ile walifika saa tatu kasoro. Nyumba ya Minematsu ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za zamani za wachimbaji, na uvundo uliwapokea hata kabla hawajazima gari. Haukuwa uvundo wa panya aliyekufa darini, ambao kila mtu anaujua. Huu ulikuwa mzito, wenye utamu ndani yake, kama matunda yaliyochachuka pamoja na nyama, na uliingia mdomoni kama vile umelambishwa. Hamasaki alifunga mdomo, akauhisi puani. Akaziba pua, akauhisi kwenye ulimi.

"Paka hii," Ogata alisema, akampa kikopo cha dawa ya kuchua. Mwenyewe alikwisha kujipaka chini ya pua, pakang'aa kama kamasi. "Kidogo kidogo utazoea. Pumua kwa mdomo."

Dirisha la nyumba lilikuwa jeusi. Hamasaki alidhani limewekwa pazia. Aliposogea aliona ni nzi. Walikuwa wamejaa upande wa ndani wa kioo, wengine wakitambaa, wengine wamekufa na kurundikana chini kwenye fremu kama kunde zilizomwagika.

Jirani, Bi Nagafuchi, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye aproni, alikuwa amesimama mlangoni kwake akimwagia maji barabara kwa mpira. Pembeni yake kulikuwa na ubani unaowaka, mafungu matatu, na haukusaidia kitu. Alimtazama Ogata sana. Ogata hakumsalimu.

Ndani, wasafishaji watatu waliovaa ovaroli nyeupe na barakoa kubwa walikuwa wameanza na jikoni. Msimamizi wao, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliisoma karatasi ya Ogata, akampa Hamasaki barakoa, na wote wawili mifuko ya plastiki ya kuvaa miguuni.

"Mwili ulichukuliwa na polisi," alisema. "Godoro hatujaligusa. Mtakachochukua ni shauri lenu, lakini mkitapika, tapikeni nje."

Chumba kilikuwa kidogo, cha kutandika mikeka sita. Kwenye godoro palikuwa na mtu, au ndivyo macho ya Hamasaki yalivyosema kwanza. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na umbo lake: kichwa, bega moja, mgongo uliojikunja, magoti. Lilikuwa la rangi ya sukari iliyoungua, na katikati bado lilikuwa na unyevu. Pale kwenye kichwa palibaki nywele nyeupe, zimenata. Chini ya miguu yao vitu vikavunjika krr, krr, kama mchele mkavu, na Hamasaki alichelewa kuelewa kuwa yalikuwa maganda ya funza waliokwisha kuwa nzi.

Alisimama ukutani. Lakini Ogata alipiga magoti, akavuta glavu zake mpaka kwenye viwiko, akashika ncha ya godoro.

"Shika ule upande," alisema.

"Ngoja kidogo."

"Tungoje nini? Hajifuniki tena huyu."

Alinyanyua peke yake. Godoro lilibanduka polepole kwa mlio wa plasta inayotolewa kwenye kidonda, likaondoka na bango la kwanza na la pili yakiwa yamegandamana nalo. Hewa iliyotoka chini yake ilikuwa ya moto. Mmoja wa wasafishaji, kijana mwenye miwani, aligeuka akatoka bila kusema.

Ogata alikuwa amekuja na kisu cha mianzi, kile bapa cha kubandulia karatasi. Akaanza kazi. Aliyatenga mabango moja moja, akihesabu chini kwa chini, na baada ya muda Hamasaki alisikia kwamba rafiki yake alikuwa anaimba puani. Wimbo wenyewe wa kitoto, wa tangazo la keki. Mazimwi yalitokea chini ya kisu, moja baada ya jingine, yamelowa maji ya Minematsu. Moja lilikuwa na mabawa, na mabawa yamekuwa kahawia. Jingine lilikuwa na vichwa viwili, kimoja kimeyeyuka na kuwa uji.

"Kumi na mbili za juu basi tena," Ogata alisema. "Ya kumi na tatu imeharibika katikati tu. Hii inaokoka. Hii pia. Ee, mzee alikuwa mwembamba, angekuwa mnene tungelia leo."

Kisha akanyamaza. Wimbo ukakatika.

"Huyu hapa," alinong'ona. "Hamasaki. Njoo umwone."

Lilikuwa la tatu kutoka chini. Mdomo mwekundu, treni ndani ya mdomo, herufi za njano zilizochorwa kama zinadondoka tope. Rangi zilikuwa mbichi kama zimepakwa jana. Uchafu ulikuwa umeligusa pembeni tu, kwenye kona ya kulia, mahali padogo kama kiganja, penye umbo la ulimi.

Ogata aliinama mpaka uso wake ukakaribia kuigusa karatasi. Jasho lilimdondoka, akalipangusa upesi kwa mgongo wa glavu ileile, na glavu ikamwachia mstari wa kahawia shavuni. Hakutambua. Alikuwa anatabasamu.

"Kuna fundi Kyoto anaosha karatasi," alisema. "Kona hii ataitoa yote. Na isipotoka, tutasema chai."

Hapo ndipo moyo wa Hamasaki ulipochafuka kabisa. Chakula cha asubuhi kilipanda, supu na wali na yai, akakipokea ndani ya barakoa yake mwenyewe. Alikimbilia nje huku matapishi ya moto yakimtelemka shingoni.

Bi Nagafuchi alimwosha kwa ule mpira wa maji, uso mpaka kifuani, kama anavyooshwa mbwa. Kisha akampa taulo na kikombe cha chai ya shayiri.

"Wewe afadhali umetapika," alisema. "Yule mwenzako hata haya hana. Yeye si alishakuja?"

"Kuja lini?"

"Tarehe tatu. Nilikuwa naanika nguo. Alikuja na gari lile jeupe, akagonga, akazunguka dirishani. Nikamwona anaziba pua. Akasimama pale dakika nzima, anachungulia, kisha akapanda gari akaenda zake. Mimi nikasema moyoni, alhamdu, huyu ameona, atawaita watu wa manispaa. Mimi na magoti yangu haya, nikakaa kusubiri. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Harufu inazidi. Mwisho nikapiga simu mwenyewe, tarehe kumi na mbili. Sasa niambie, alimwita nani yeye?"

Hamasaki alishika kikombe kwa mikono miwili. Akajiambia pengine bibi amekosea siku, wazee hukosea.

Teksi ilisimama mbele yao. Akashuka mwanamke wa miaka hamsini hivi, nguo nyeusi, sanduku dogo la magurudumu. Alijitambulisha kwa kuinama: Minematsu Yoriko, binti wa marehemu mdogo wake mzee, amefika kutoka Osaka. Uso wake ulikuwa umechoka. Aliinama kwa Bi Nagafuchi mara tatu, akiomba radhi kwa usumbufu, kwa harufu, kwa nzi, kana kwamba yeye ndiye aliyeoza.

"Sikuonana na baba mkubwa tangu harusi yangu," alisema. "Sikujua hata kama ana simu. Wala nisingejua kuwa anaumwa kama si yule bwana wa mabango kunifuata mpaka nyumbani."

"Bwana gani?" Hamasaki aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ogata. Alikuja Osaka na sanduku la maandazi. Akaniambia baba mkubwa hali yake si nzuri, na kwamba wao wawili walikuwa kama baba na mwana. Akaniomba nisaini karatasi ya mabango, ili lolote likitokea yasipotee. Nikasema basi nitapanga safari nimwone baada ya Bon. Akasema hamna haraka."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Tarehe sita. Nakumbuka, ilikuwa siku ya kliniki yangu."

Bi Nagafuchi alifunga maji. Zikabaki kelele za nyenje kwenye miti, kama misumeno, na za nzi.

"Tarehe sita," bibi alisema polepole, "baba yako mkubwa alikuwa ameshavimba, mwanangu. Na huyo bwana alikuwa ameshamwona."

Yoriko aliliacha sanduku lake palepale barabarani, akaingia ndani na viatu vyake vya safari, bila barakoa, bila mifuko miguuni, na Hamasaki akamfuata.

Ogata alikuwa amesimama karibu na kabati la ukutani, akifunga vifungo vya shati. Kwenye karatasi safi ya plastiki alikuwa amekwisha kupanga mabango yaliyopona, yapata ishirini. Alipomwona Yoriko akainama chini kabisa, ule mstari wa kahawia ukiwa bado shavuni.

"Pole sana kwa msiba, dada. Mzee alikuwa—"

"Ulimwona kwenye dirisha tarehe tatu?"

Ogata alimtazama Hamasaki, akamtazama bibi aliyekuwa mlangoni, akaona hakuna pa kupita.

"Alikuwa ameshakufa," alisema. "Dada, nisikilize. Alikuwa ameshakufa! Ningemfufua? Ningewaita polisi wangeifunga nyumba, kisha manispaa ingekuja na lori ikatupa kila kitu. Hivi vitu havipatikani tena duniani. Yeye mwenyewe angenishukuru. Siku tisa kwa maiti ni nini? Maiti hasikii joto."

"Nilikaa nyumbani kwangu siku hizo zote," Yoriko alisema. "Nilikula. Nilikwenda kliniki. Nilikupikia chai." Akageuka kwa Hamasaki. "Na wewe? Wewe ulikuja lini?"

Angeweza kusema uongo. Hakuna aliyejua.

"Juni," alisema. "Kiyoyozi chake kilikuwa kimeharibika. Aliniomba feni, ninayo moja ya ziada nyumbani. Nikamwambia nitaileta. Halafu nikamwuliza tena habari za mabango, akakataa, nikakasirika. Sikuileta. Nilisema moyoni, akikaa na joto kidogo pengine atalegea."

Maneno yalipomtoka aliyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine, mtu ambaye asingependa kumpa mkono. Bi Nagafuchi alitema mate nje ya mlango. Yoriko alimnyooshea Ogata mkono.

"Nipe ile karatasi niione."

Ogata aliitoa mfukoni, akampa. Yoriko aliisoma yote, taratibu, mpaka kwenye saini yake mwenyewe. Akaikunja mara mbili, akaenda kwenye mfuko mkubwa wa takataka uliokuwa wazi, ule uliokuwa na mashuka ya mzee, akaitumbukiza humo. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Kila kitu kiende kwenye tanuri la manispaa. Godoro, mikeka, na hayo mabango. Asibaki na kitu mtu yeyote."

"Dada! Dada, tafadhali!" Ogata alianguka magotini, palepale kwenye ule mkeka uliolowa, na suruali yake ikanyonya. Alikumbatia yale mabango yaliyo kwenye plastiki kama mtu anayekumbatia mtoto. "Hayana doa haya! Tazama hili! Nusa, halinuki hata!" Akamwinulia puani.

Wasafishaji walimnyang'anya. Hamasaki alisaidia. Aliyashika mabango kwa mikono yake, akayakunja katikati, akayasukuma mfukoni mpaka chini, na kila lilipolia krakk alihisi limelia ndani ya mbavu zake. Alikuwa akilisubiri lile la chura lipite mikononi mwake. Halikupita. Akadhani amelitia bila kuliangalia, kwa sababu ya machozi na uvundo. Ogata aliondoka bila kuaga, akitembea wima, mkono mmoja ameubana ubavuni kama aliyevunjika mbavu, akamwacha Hamasaki arudi kwa miguu.

Nyumbani Mama Mayumi alimvua nguo zote nje, nyuma ya banda, akazitia moto. Hamasaki alioga mara tatu. Jioni alinusa mkono wake, akanusa wali, akanusa maji. Kwa wiki mbili hakula kitu chenye mchuzi.

Katikati ya Oktoba, Kusaba alimpigia simu. Kusaba alikuwa na mkahawa mdogo karibu na stesheni ambako wakusanyaji walikutana kila Jumapili ya tatu ya mwezi, watu saba au wanane, wote wa umri mmoja. "Njoo bwana, mbona umepotea? Leo kuna jambo la kuonyeshwa."

Alikwenda. Mkahawa ulijaa moshi wa sigara na harufu ya wali kwa mchuzi wa kari. Kwenye ukuta wa ndani, ndani ya fremu mpya yenye kioo, Dorogama alikuwa amefungua mdomo wake mwekundu. Kona ya kulia ilikuwa imeoshwa. Palibaki kivuli tu, hafifu, kama mahali palipowekwa kikombe.

Ogata alikuwa ameketi chini yake na sahani ya kari, amenyoa vizuri, anasimulia. Kwenye hadithi yake, mzee Minematsu alimrithisha bango hilo kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alilia. Ogata alilia.

Hamasaki alisimama mbele ya meza, akawaeleza. Hakupaza sauti. Aliwaambia bango lilikuwa wapi, chini ya nini, kwa siku ngapi, na ile kona ilikuwa na kitu gani. Aliwaambia habari za tarehe tatu na tarehe sita. Aliwaambia na habari za feni. Vijiko vilisimama. Mmoja wao aliisukuma sahani yake mbele kidogo, halafu akafikiri, akairudisha.

"Basi kumbe lina historia," Kusaba alisema hatimaye, akainuka kwenda kulitazama kwa karibu, pale konani, kidole kwenye kioo. Wengine wawili wakamfuata. "Hapa? Hapa ndipo?"

"Hapohapo," Ogata alisema, na sauti yake haikuwa na aibu, ilikuwa na fahari. Akamgeukia Hamasaki, punje ya wali mdomoni. "Bwana, acha kujifanya mtakatifu. Kinachokuuma ni kwamba si wewe uliyelitia shatini."

Hamasaki alitoka. Hakuagiza hata kahawa.

Alimpigia Yoriko kutoka kwenye kibanda cha simu cha stesheni, kwa sababu hakutaka kulisema jambo lile ndani ya nyumba yake. Alimweleza kwamba bango moja limeponyoka ndani ya shati la Ogata, liko ukutani mkahawani, na kama anataka kushtaki yeye atakuwa shahidi.

"Alilivaa?" Yoriko aliuliza. "Kwenye ngozi?"

"Nadhani hivyo."

"Basi mwachie. Alale nalo." Hamasaki alimsikia akivuta pumzi. "Bwana Hamasaki, nina jambo nataka kuuliza. Nimeyaweka majivu hapa nyumbani, na kila asubuhi natakiwa nimtengee kitu. Sijui alikuwa anapenda nini. Ninyi mlikaa naye miaka sita. Alikuwa anapenda kula nini?"

"Maandazi ya maharage," Hamasaki alijibu mara moja. Kisha akajaribu kukumbuka mzee akiyala, hata moja, na hakukumbuka. Sanduku lilifunguliwa, mzee alimimina chai, na aliyekula alikuwa Ogata, na yeye mwenyewe. Mzee alikuwa akitazama tu. Meno yake yalikuwa manne.

"Samahani," alisema. "Si kweli. Sijui. Hatukuwahi kumwuliza."

Mama Mayumi alikuwa jikoni anamenya figili aliporudi. Hamasaki alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akamweleza yote ya mkahawani, kisha akamweleza na lile ambalo hakumwambia mtu.

"Nilipoingia nikaliona pale ukutani, kabla sijakumbuka chochote, nilifurahi. Moyo uliruka, Mama Mayumi. Kama mtoto. Nilijua limetoka wapi, na nilifurahi."

Mkewe aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika, mpaka figili ikaisha.

"Bado unafurahi?"

"Hapana. Sijui. Kidogo."

"Usinikaribie basi," alisema, bila hasira, "mpaka iishe furaha hiyo." Akaichukua figili nyingine.

Yale mia mbili na kumi na saba bado yamo chumbani mwa nyuma. Hajauza hata moja. Mara mbili alifungua mlango akiwa na nia ya kuyatoa, na mara zote mbili alisimama kizingitini akinusa, akaufunga.